Benjamin Graham: Mpenzi wa Lugha Aliyetenga Bei na Thamani

Jirani yangu wa Kitengela, mwalimu aliyestaafu baada ya kufundisha katika shule za msingi za Kajiado kwa zaidi ya miaka thelathini, alinijia jioni moja na karatasi mbili mkononi. Ya kwanza ilikuwa tangazo la ploti upande wa Isinya. Ya pili ilikuwa ukurasa wa gazeti wenye orodha ya bei katika Soko la Hisa la Nairobi, na jina la kampuni moja limepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu, bila shaka ile ile iliyosahihishia madaftari miaka yote hiyo. Kiinua mgongo chake kilikuwa kimekwisha kulipwa. Alitaka nimwambie kipi ni rahisi kati ya viwili hivyo.

Mimi ni mwanaisimu, na shughuli zangu za kila siku ni viambishi na mizizi ya maneno, si fedha. Hata hivyo neno hilo rahisi halikunipita hivi hivi. Katika Kiswahili lina maana mbili: jambo lisilo gumu, na kitu kisicho ghali. Hisa aliyoipigia mstari iliuzwa kwa shilingi zisizofika ishirini, ilhali ploti ya Isinya ilihitaji mamia ya maelfu. Kwa hiyo mwalimu alikuwa amekwisha kujijibu moyoni: hisa ndiyo rahisi. Badala ya kumpa jibu, nilimsimulia maisha ya mtu mmoja aliyefariki mwaka 1976, ambaye kama angaliikubali kazi aliyopewa akiwa kijana wa miaka ishirini, yamkini angalikuwa mwalimu wa lugha kama mimi. Nayaandika masimulizi hayo hapa kwa ajili ya walimu wengine na wanafunzi wao, maana nawaona wengi wanaolipa kwanza na kuuliza baadaye.

Benjamin Graham alizaliwa London mwezi wa Mei 1894, katika familia ya Kiyahudi iliyoitwa Grossbaum. Alikuwa na umri wa mwaka mmoja wazazi wake walipohamia New York, ambako baba aliuza vyombo vya kauri vilivyotoka Ulaya. Baba huyo alifariki mwaka 1903, akamwacha mjane na wavulana watatu, Benjamin akiwa kitinda mimba. Biashara ikafifia. Mama akajaribu kupangisha vyumba. Akajaribu pia kununua hisa kwa fedha za kukopa, na msukosuko wa mwaka 1907 ukaufagia mtaji wake wote. Maisha yake yote Graham hakuisahau siku alipotumwa benki na hundi ya mama yake, akamsikia karani akiuliza kama mama huyo anaaminika kwa dola tano. Mtoto aliyeisikia aibu hiyo hakuwa tena na sababu ya kudhani kwamba soko la hisa ni mchezo.

Shuleni aling'ara. Alishinda ufadhili wa kusoma katika Chuo Kikuu cha Columbia, lakini kwa kosa la makarani akachanganywa na binamu yake mwenye jina la ukoo lile lile, na ilimbidi asubiri kabla ya kosa hilo kusahihishwa. Alihitimu mwaka 1914 akiwa wa pili katika kundi lake. Alikwisha kuzama katika Kilatini na Kigiriki, na kabla ya kuvaa joho idara tatu zilimtaka awe mhadhiri wake: ya Kiingereza, ya falsafa na ya hisabati. Sijapata kusikia mwanafunzi mwingine aliyegombewa namna hiyo. Lakini nyumbani palikuwa na mjane wa kutunzwa, na mshahara wa mhadhiri ulikuwa mdogo (jambo ambalo wasomaji wangu hawahitaji kuelezwa). Mkuu mmoja chuoni akamshauri aende Wall Street, mtaa wa fedha wa New York. Akaanza huko kama karani kwa dola 12 kwa wiki. Miaka michache baadaye, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, familia iliacha jina la Grossbaum kwa kuwa lilisikika kama la Kijerumani, ikajiita Graham.

Soko alilolikuta halikuwa na adabu ya hesabu. Watu wenye busara walinunua hatifungani, yaani waliikopesha kampuni au serikali wakalipwa riba. Hisa ziliachiwa wenye moyo wa kamari. Makampuni mengi yalificha takwimu zao, na bei ilipanda au kushuka kwa uvumi. Tusidhani kwamba mambo hayo yalikuwa ya huko tu. Mwaka 1911, ule ule ambao Wamaasai walitiliwa mkataba wa pili wa kuhamishwa, iliundwa kampuni ya kuchimba magadi katika ziwa lililo Kajiado hii hii, na hisa zake zikauzwa London kabla kampuni haijapata faida yoyote. Kufikia mwaka 1924 ilikuwa imeshindwa kujisimamia, ikachukuliwa na kampuni ya Kiingereza ya Brunner Mond. Udongo wa Kajiado uligeuzwa hisa kabla wenyeji wake hawajalisikia neno lenyewe.

Naomba ruhusa niingie kidogo katika uwanja wangu. Maneno yetu bei na thamani yote mawili yana asili ya Kiarabu. La kwanza limetoka katika neno la kuuza. La pili limetoka katika thaman, ambalo kwa Waarabu ni bei hasa. Waswahili walipolipokea hawakulifanya pacha wa bei. Walilipa kazi nyingine, ya kutaja ubora uliomo ndani ya kitu hata kama hakuna anayekiuza wala kukinunua. Tofauti hiyo, ambayo kwetu imo katika msamiati wa kila mtoto, ndiyo Graham aliyoitumia maisha yake yote kuwafundisha matajiri wa New York. Bei ni kile unachotoa mfukoni. Thamani sharti uitafute.

Chombo kimoja cha kuitafutia ni uwiano wa bei na faida. Hakukibuni yeye, alikikuta kikitumika, na desturi ya wakati ule ilisema kwamba hisa ya kawaida inastahili bei ya mara kumi ya faida yake ya mwaka. Hesabu yenyewe haimshindi mwanafunzi wa darasa la saba. Tumchukue ng'ombe wa maziwa wa hapa Kitengela, tuseme anauzwa shilingi 120,000. Ukiisha kulipia nyasi, chanjo, mchungaji na maji ya kununua wakati wa kiangazi, anakuachia shilingi 20,000 kwa mwaka. Gawanya bei kwa faida, utapata 6. Maana yake ni kwamba faida ikibaki ilivyo, miaka sita itairudisha bei uliyolipa. Igeuze hesabu juu chini, utaona kwamba kila shilingi 100 ulizotoa zinakuletea karibu shilingi 17 kwa mwaka.

Hisa ni vivyo hivyo. Chukua faida ya kampuni baada ya kodi, uigawanye kwa idadi ya hisa zote, upate faida ya kila hisa; kisha ugawanye bei kwa faida hiyo. Hisa ya shilingi 18 inayopata faida ya senti 30 ina uwiano wa 60. Hisa ya shilingi 200 inayopata shilingi 25 ina uwiano wa 8. Hiyo ya pili ndiyo rahisi, ingawa mwalimu jirani yangu asingeipigia mstari.

Lakini Graham alitambua mapema kwamba ugumu hauko kwenye kugawanya. Bei inajulikana na kila mtu, imechapishwa gazetini. Faida ndiyo neno lenye utata, na lazima lisomwe kama maandiko ya kale yasomwavyo, kwa subira na kwa kushuku. Yeye alisoma. Mwaka 1926 aliifungua taarifa ya tume ya serikali ya Marekani iliyosimamia reli na mabomba ya mafuta, taarifa ambayo madalali wenzake hawakujishughulisha nayo, akaenda Washington kuzisoma nyaraka zenyewe. Huko aligundua kwamba kampuni ndogo ya mabomba iliyoitwa Northern Pipe Line, ambayo hisa yake iliuzwa kwa dola 65, ilikuwa imeweka kabatini hatifungani zenye thamani ya dola 95 hivi kwa kila hisa. Mabomba yenyewe hayakuzihitaji. Alinunua hisa 2,000 kati ya 40,000, akawaendea wakurugenzi, wakampuuza. Akasafiri hadi kwenye mkutano wa mwaka katika mji mdogo wa mafuta wa jimbo la Pennsylvania, akasimama kutoa hoja, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumuunga mkono akarudi bila kusikilizwa. Mwaka uliofuata, 1928, alirudi na mwanasheria na kura za wanahisa wengine, akapata viti viwili katika bodi ya watu watano. Hatimaye kampuni iliwagawia wanahisa dola 70 kwa kila hisa. Mtu huyo alikuwa na umri wa miaka 34, na silaha yake ilikuwa kusoma waraka ambao ulikuwa wazi kwa yeyote.

Mwaka huo huo alianza kufundisha darasa la jioni katika chuo kile kile cha Columbia. Mhadhiri kijana aitwaye David Dodd aliketi akiandika anayoyasema, na madaftari hayo yangekuja kuwa kitabu.

Kisha ukaja mwaka 1929. Katika miaka iliyotangulia watu walikuwa wameacha ile desturi ya mara kumi, wakalipa mara ishirini, thelathini, hata arobaini ya faida, wakiamini kwamba enzi mpya imefika na faida haitashuka tena. Soko likaanguka. Nimewahi kuwasikia watu wakimsimulia Graham kana kwamba aliliona anguko hilo likija akajiepusha. La hasha. Alikuwa akisimamia dola milioni mbili na nusu mwanzoni mwa mwaka 1929, na sehemu ya uwekezaji wake ilikuwa ya fedha za kukopa, kosa lile lile la mama yake. Kufikia mwisho wa mwaka 1932 alikuwa amepoteza asilimia 70. Kwa miaka mitano aliifanya kazi hiyo bila malipo, akafundisha na kuandika ili nyumba yake ile, mpaka waliomwamini waliporudishiwa hasara yao. Mimi humheshimu kwa miaka hiyo mitano kuliko kwa utajiri uliofuata.

Kitabu alichoandika pamoja na Dodd kuhusu uchambuzi wa dhamana kilitoka mwaka 1934, katikati ya dhiki, wakati hisa zilionwa kama uchafu. Ndani yake uwiano wa bei na faida umewekewa masharti. Usichukue faida ya mwaka mmoja. Chukua wastani wa miaka saba au kumi, ili mwaka wa neema na mwaka wa ukame vyote viingie. Uliza faida hiyo imetoka wapi, kwenye kazi ya kila siku ya kampuni au kwenye tukio la mara moja lisilorudi. Katika kitabu chake kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1949 na kurekebishwa baadaye, alichowaandikia watu wa kawaida, alimshauri mwekezaji mwangalifu asilipe zaidi ya mara 15 ya wastani wa faida ya miaka mitatu ya karibuni. Ni kitabu hicho kilichomvuta kijana Warren Buffett awe mwanafunzi wake Columbia na baadaye mwajiriwa wake.

Sharti la faida itokayo kwenye tukio la mara moja linaonekana vizuri ukisimama hapa Kitengela na kutazama upande wa Athi River, penye kiwanda cha East African Portland Cement. Kampuni hiyo ina hisa milioni 90. Kwa mwaka wa hesabu uliokwisha Juni 2018 ilitangaza faida ya zaidi ya shilingi bilioni 7, yaani zaidi ya shilingi 75 kwa kila hisa, ilhali bei ya hisa sokoni haikufika hata nusu ya kiasi hicho. Uwiano ulikuwa chini ya moja! Mtu anayegawanya bila kusoma angeuza ng'ombe wote akazinunue. Lakini faida hiyo haikutoka kwenye saruji. Ilitokana na ardhi ya kampuni kupimwa upya na kuandikwa kwa thamani kubwa zaidi, kama kanuni za uhasibu zinavyoruhusu, na taarifa ya kampuni yenyewe ilisema hivyo bila kuficha. Mwaka uliofuata ilitangaza hasara ya zaidi ya bilioni 3. Wastani wa miaka kumi ungalimnong'oneza msomaji jambo ambalo mwaka mmoja ulimficha.

Mfano wa pili wengi wetu tulilipa ada kuujifunza. Mwaka 2008 serikali iliuza hisa bilioni 10 za Safaricom kwa shilingi 5 kila moja, na foleni zilijaa hata katika miji midogo ya Kajiado. Walimu walikopa katika vyama vyao vya akiba. Kampuni nzima ilikuwa na hisa bilioni 40, kwa hiyo bei yake ilikuwa bilioni 200. Faida ya mwaka uliokwisha Machi 2008 ilikaribia bilioni 14. Uwiano ulikuwa kati ya 14 na 15, ndani ya mpaka wa Graham kwa unywele. Faida za miaka miwili iliyotangulia zilikuwa ndogo kuliko hiyo, na ukiziingiza kwenye wastani uwiano unapanda juu ya mpaka. Mwaka uliofuata faida ilishuka hadi bilioni 10 na nusu hivi, na mapema mwaka 2009 hisa iliuzwa chini ya shilingi 3. Aliyenunua kwa akiba yake akangoja, baadaye alipata faida nzuri. Aliyenunua kwa mkopo hakuwa na miaka ya kungoja, maana makato ya mshahara hayangoji.

Naam, kuna jambo jingine ambalo wanafunzi wanaoikariri ile 15 huliruka. Graham aliandika akiwa Marekani, ambako hatifungani salama zililipa riba ndogo. Uwiano wa 15 maana yake ni karibu shilingi 7 kwa kila 100. Serikali yetu ya Kenya imekuwa mara nyingi ikiwalipa wanaoikopesha zaidi ya shilingi 10 kwa kila 100. Kwa nini basi ujitie hatarini upate 7? Graham mwenyewe, riba zilipopanda huko kwao miaka ya 1970, aliishusha namba yake: alitaka faida ya hisa, ikilinganishwa na bei, iwe angalau mara mbili ya riba ya hatifungani zilizo salama kabisa. Kwa kipimo hicho, riba ikiwa 10, uwiano usizidi 5. Kukariri 15 hapa Nairobi ni sawa na kutafsiri methali neno kwa neno.

Na ploti ya Isinya je? Shamba la pamoja la Wamaasai wa Kitengela liligawanywa mwaka 1988, kila mwanachama akapata hati yake, na uuzaji haujakoma tangu hapo. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi kusini mwa Hifadhi ya Nairobi dola 4 kwa eka kwa mwaka ili wasijenge ua, wanyama wapite. Hizo zilikuwa shilingi 300 hivi wakati ule. Eka iliyouzwa hata kwa shilingi 300,000 ilikuwa basi na uwiano wa 1,000! Anayenunua kwa bei hiyo haununui mapato ya ardhi. Ananunua matumaini kwamba atatokea mnunuzi mwingine. Matumaini hayo yametimia kwa wengi hapa kwetu, siwezi kukana, na nyumba ninamoandikia haya imejengwa juu yake.

Graham alikuwa na kasoro zake. Alioa mara tatu, na wanaosimulia habari zake hawamsifu kama mume. Aliwazika wana wawili, mmoja mtoto mdogo, mwingine kijana aliyejiua Ufaransa mwaka 1954. Hata biashara yake ilimcheka: mwaka 1948 alinunua nusu ya kampuni ya bima ya GEICO, kinyume cha kanuni yake mwenyewe ya kutoweka mayai mengi katika kapu moja, na ununuzi huo mmoja ukaleta faida kupita yote mengine aliyoyafanya kwa miaka ishirini. Mwaka 1956 akaifunga kampuni yake, akahamia California kufundisha. Ndipo alipomrudia mpenzi wake wa kwanza. Akajifunza Kihispania cha kutosha kutafsiri riwaya ya Mario Benedetti wa Uruguay, kuhusu karani mjane anayekaribia kustaafu, na tafsiri hiyo ikachapishwa mwaka 1969. Alifariki Aix-en-Provence, Ufaransa, tarehe 21 Septemba 1976, akiwa na umri wa miaka 82. Wakati huo soko letu la Nairobi, lililosajiliwa mwaka 1954 na kuwafungia Waafrika na Wahindi mlango mpaka uhuru ulipopatikana, lilikuwa bado halina hata ukumbi wa kufanyia biashara.

Mwalimu alinisikiliza mpaka chai ikapoa, akakunja karatasi zake, akaenda zake. Nilidhani nimemchosha. Jumamosi iliyofuata alirudi na daftari la mistari, safi kama maandalio ya somo. Alikuwa amechora safu kumi, mwaka mmoja kila safu, na kujaza faida ya kila hisa ya ile kampuni aliyoipigia mstari. Safu saba zilikuwa na namba, na mbili kati ya hizo ziliandikwa kwa ile kalamu nyekundu. Safu tatu zilikuwa tupu. Alitaka kujua kama maktaba ya chuo chetu inaziweka taarifa za makampuni za miaka hiyo.